Mambo ya Nyumbani Mbele ya Watu: Habari za Mchezo Uliogeuzwa kuwa Sinema

Jina la Elerai, kata ya mji wa Arusha, ni neno la Kimaasai, ambayo ndiyo asili ya lugha ya Waarusha pia. Ni jina la mgunga wenye gome la manjano, mti upendao penye maji. Twaanza na mti kwa kuwa desturi ya Waarusha ilikuwa kukata mashauri hadharani. Ugomvi wa baba na mwanawe, au wa ndugu kwa ajili ya shamba, haukuachwa uozee nyumbani. Uliletwa katika mkutano, engigwana, na waliosikiliza walikuwa na haki ya kujibu. Desturi hii yafaa ikumbukwe na kila mwalimu atakaye kupima mchezo wa kuigiza na sinema. Maana viwili hivi vyafanana kwa macho, walakini haviwatendei watu sawasawa.

Neno “mchezo” limewapoteza wengi, kwa sababu mpira wa watoto nao huitwa mchezo. Lakini “kuigiza” hutoka katika “kuiga”, na mtu haigi ila kitu alichokitazama sana. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alionyesha jambo hili katika Wakati Ukuta, mchezo wa miaka ya 1960. Ugomvi wa nyumba ile huzuka kwa sababu binti ataka kwenda sinema na kijana, na mama yake hakubali. Hivyo sinema yenyewe iliingia jukwaani kwa sura ya mgeni aletaye fitina kati ya mzazi na mtoto.

Wamisheni nao waliijaribu sinema mapema. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misheni lilianzisha kazi ya picha za mafundisho huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Hata kazi ilipokoma mwaka 1937, picha fupi 35 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, na sauti zake zilitiwa katika sahani za santuri, mbali na picha. Walioigiza walikuwa Waafrika, lakini walioongoza kazi walikuwa wageni. Mtazamaji alifundishwa.

Njia nyingine ilionekana Nairobi. Mwaka 2010 ilitolewa sinema iitwayo Ndoto za Elibidi, iliyoongozwa na Nick Reding na Kamau wa Ndung’u. Asili yake ilikuwa mchezo wa jukwaani, ulioigizwa na watu wa mitaa ya maskini ya mji ule. Habari zake ni za baba na mama, binti zao wanne na wapenzi wao, na jinsi Ukimwi ulivyoingia katika maisha yao na kuwajaribu katika upendo. Walipougeuza kuwa sinema, watengenezaji hawakulitupa jukwaa. Picha yatoka jukwaani na kwenda katika mitaa na nyumba zenyewe, kisha yarudi. Na kati ya hayo twaonyeshwa watu waliokuwa wakiutazama mchezo.

Hapa ndipo penye fundisho. Sinema yaweza kuuleta uso wa mama karibu, hata chozi likaonekana na mtu aliyeketi nyuma kabisa, jukwaa haliwezi. Lakini mwigizaji wa jukwaani husikia watu wakicheka au wakiguna, naye hujua kwamba amejibiwa. Picha haisikii. Kwa kuwatia watazamaji ndani ya picha, sinema ile iliurudisha mkutano uliokuwa karibu kupotea.

Wako watakaosema kwamba siri ya nyumba haifai kuanikwa. Twawaheshimu, kwa maana wamelelewa vema. Walakini katika kikao cha wazee mgonjwa ana jina na ukoo, na aibu yake huwafuata watoto wake. Katika mchezo, mgonjwa si mtoto wa mtu ye yote, na kila msikilizaji aweza kuchukua sehemu yake ya kosa pasipo kunyoshewa kidole. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi dawa za Ukimwi zaweza kumpa mtu maisha marefu, ila kwanza akubali kupimwa, kisha azimeze kila siku. Na mtu azifichaye dawa zake kwa kumwogopa mumewe au mama yake, aweza kukosa kuzimeze sawasawa.

Basi mwalimu au kasisi atakayeonyesha sinema ya namna hii asiwaruhusu watu kwenda zao mara picha imalizikapo. Awashe taa, awaketishe kwa duara, na aulize, “Ninyi mngemjibu nini binti yule?” Kisha yeye mwenyewe anyamaze, asikilize.