Kiolesura Si Plagi

Anayejenga kabati la gemu nyumbani, lile la kusimama lenye jostiki mbili na vitufe vya rangi kama yaliyokuwa kwenye kumbi za michezo miaka ya 1980, hufika mahali akaulizwa na muuzaji: unataka bodi ya USB au ya PS/2? Wengi huchungulia nyuma ya kompyuta, wakaona tundu lipi liko wazi, wakajibu. Wamechagua plagi. Walichoulizwa ni kiolesura.

Neno hili tumelizoea kwenye programu zilizotafsiriwa, katika kiolesura cha mtumiaji. Kwenye maunzi lina kazi nzito zaidi: ni mapatano kati ya vifaa viwili kuhusu nani aanze kusema, ujumbe uwe na umbo gani na upite kwa kasi gani. Kipande cha chuma na plastiki kinachochomekwa ni kiunganishi, au plagi kwa lugha ya mafundi. Tukiviita vyote viwili kiunganishi, mnunuzi ataamini kwamba kikiingia kwenye tundu kitafanya kazi. Adapta ya bei rahisi inayogeuza PS/2 kuwa USB humwumbua: ndani mna waya tu, na kama bodi yenyewe haijui mapatano yote mawili, hakuna kitakachosikika upande wa pili.

Tazama kitufe kimoja kwa karibu. Chini yake pana swichi ndogo. Waya wa ethi unazunguka kutoka kitufe hadi kitufe, na kila kitufe kina waya wake wa pili unaokwenda kwenye bodi. Ukibonyeza, saketi inafunga, basi. Kwa mashine za kumbini hilo lilitosha. Kiwango cha JAMMA cha mwaka 1985, kilichotoka kwa watengenezaji wa Japani, kilikuwa na pini 56, na swichi iliunganishwa moja kwa moja na pini yake. Street Fighter II ya mwaka 1991, yenye vitufe sita kwa kila mchezaji, ilizidi nafasi hizo, Capcom ikalazimika kuongeza nyaya za pembeni kwa ajili ya mateke.

Kompyuta haina pini hizo. MAME, programu ambayo Mtaliano Nicola Salmoria aliitoa mwaka 1997, kwa kawaida husubiri vitufe vya kibodi: 5 kwa sarafu, 1 kwa kuanza, Ctrl, Alt na Space kwa kupiga. Ndiyo maana inahitajika bodi ya katikati inayogeuza kufunga kwa swichi kuwa msimbo. Mafundi huiita enkoda; mimi napenda kisimbaji, kwa kuwa kusimba ndiyo kazi yake. Wajenzi wa mwanzo walifungua kibodi kuukuu na kulehemu nyaya kwenye bodi yake. Shida ni kwamba ndani ya kibodi nyaya zimepangwa kwa safu na mistari, hivyo vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja vinaweza kuzua cha nne ambacho hakuna aliyekigusa. Visimbaji kama I-PAC ya Ultimarc viliondoa adha hiyo kwa kukipa kila kitufe waya wake.

Katika PS/2, iliyoanza na kompyuta za IBM mwaka 1987, kibodi ndiyo inayoanza kusema: kitufe kikibonyezwa, inaikatiza kompyuta. Katika USB, kompyuta ndiyo inayouliza, na kifaa hungoja zamu. Kifaa cha kasi ndogo kwa kawaida huulizwa kila baada ya milisekunde 8 hivi. Cha kasi kubwa zaidi kinaweza kuulizwa kila milisekunde 1. Picha moja ya gemu hukaa kwenye skrini takriban milisekunde 16.7, kwa hiyo hofu ya kuchelewa kwa USB imekuzwa mno.

Hofu ya kweli iko kwenye umbo la ujumbe. Ripoti ya msingi ya kibodi ya USB ina baiti 8: moja ya Ctrl, Alt, Shift na wenzake, moja tupu, na sita za vitufe vingine vyote. Wachezaji wawili wakisukuma jostiki kimshazari, kila mmoja akifunga swichi mbili, nafasi nne zimekwisha. Wa pili akibonyeza vitufe vyake vya kupiga, A na S, zimejaa. Wa kwanza bado anaweza kupiga kwa Ctrl na Alt, kwa kuwa hivyo vina baiti yake, lakini akigusa Space hakuna nafasi ya kumpokea. PS/2 haina kikomo hicho, ila haikubuniwa kuchomekwa wala kuchomolewa kompyuta ikiwa imewashwa.

Kwa kabati la leo nashauri USB, kwa kisimbaji kinachojitambulisha kama kibodi na kinachotuma zaidi ya vitufe sita kwa wakati mmoja. Bodi mbili zinazojitambulisha kama gemupadi zinaweza kubadilishana namba kompyuta ikiwashwa upya, mchezaji wa kwanza akawa wa pili. PS/2 waachie wenye kompyuta za zamani. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji bodi yake inapokea vitufe vingapi kwa pamoja. Akikujibu kwa kukuonyesha plagi, tafuta muuzaji mwingine.