Fidia ya Kuadhibu na Amri ya Zuio: Dola Mbele ya Mahakama za Uingereza, 1763–1993

Katika kesi za madai, kanuni ya msingi ni kwamba fidia hurekebisha, haiadhibu. Aliyebomolewa nyumba hulipwa thamani ya nyumba; aliyepotezewa mshahara hulipwa mshahara. Ndivyo ilivyo katika sheria ya Kongo tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo kifungu chake cha 258 humlazimu mtu ambaye kosa lake limemdhuru mwenzake kuyarekebisha madhara hayo. Kanuni hiyo ni ya haki, lakini ina mwanya mmoja: mwenye nguvu akijua kwamba dhuluma ina bei, na bei yenyewe anaimudu, aweza kuinunua. Historia ya mahakama za Uingereza yaonyesha jinsi majaji walivyojaribu kuuziba mwanya huo kwa njia mbili, yaani fidia ya kuadhibu na amri ya zuio.

Njia ya kwanza ilijitokeza mwaka 1763. Tarehe 23 Aprili mwaka huo, toleo la 45 la gazeti The North Briton liliishambulia hotuba ya Mfalme George III bungeni. Lodi Halifax, waziri wa mfalme, akatoa hati ya kuwakamata waandishi, wachapaji na watoaji wa gazeti hilo, pasipo kutaja jina la mtu hata mmoja. Watu 49 walikamatwa, akiwemo mbunge John Wilkes. Miongoni mwao alikuwamo pia Huckle, kibarua wa kiwanda cha uchapaji aliyelipwa gini moja kwa wiki. Alizuiliwa kwa muda wa saa sita hivi, akapewa nyama na bia, kisha akaachiliwa. Alipofungua kesi, juri, yaani raia walioapishwa ili kuiamua, walimpa fidia ya pauni 300, kiasi kinachozidi mshahara wake wa miaka mitano.

Upande wa serikali ulilalamika kwamba kiasi hicho hakilingani hata kidogo na madhara, ukaomba kesi isikilizwe upya. Jaji Mkuu Charles Pratt alikataa. Alikiri kwamba, kama ingetazamwa hasara ya Huckle peke yake, pauni 20 huenda zingetosha. Lakini kilichoamuliwa hakikuwa hasara ya saa sita. Kilikuwa ni mamlaka ambayo serikali ilijitwalia ya kumkamata mtu kwa hati isiyo na jina. Mwezi Desemba mwaka uo huo Wilkes alipata pauni 1,000 dhidi ya Robert Wood, katibu aliyehusika na upekuzi wa nyumba yake. Na mwaka 1769 akapata pauni 4,000 dhidi ya Halifax mwenyewe. Hivyo fidia ikapewa kazi ya pili, nayo ni kuwa onyo.

Si wote walioikubali kazi hiyo. Waliopinga walisema kwamba adhabu ni jambo la kesi za jinai, na kwamba mdai hastahili kupata zaidi ya alichopoteza. Mwaka 1964, katika kesi ya Rookes v Barnard, Lodi Devlin aliiwekea fidia ya kuadhibu mipaka ya mafungu matatu: uonevu wa watumishi wa serikali, mdaiwa aliyepiga hesabu kwamba faida ya kosa lake itazidi fidia, na pale ambapo sheria ya bunge imeruhusu. Fungu la kwanza ni urithi wa Huckle. La pili ndilo linalogusa moja kwa moja dhuluma yenye bei.

Hata hivyo fidia, iwe kubwa namna gani, huja baada ya tendo. Yako madhara ambayo fedha haiwezi kuyafuta, na kwa ajili ya hayo ipo amri ya zuio. Mahakama humwamuru mdaiwa atende au asitende, na anayekaidi huhesabiwa kuwa ameidharau mahakama, naye aweza kutozwa faini au kufungwa. Nguvu ya amri ya namna hiyo ilipimwa katika kesi ya mtu kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule.

Mtu huyo, mwalimu ambaye hukumu zamtaja kwa herufi M pekee, alifika Uingereza mwaka 1990 na kuomba hifadhi ya ukimbizi. Ombi lake lilikataliwa. Tarehe 1 Mei 1991, siku aliyopangiwa kurudishwa, shauri lake lilifikishwa mbele ya Jaji Garland, naye jaji akaelewa kwamba wakili wa serikali ameahidi kuwa M hataondolewa kwanza. M alisafirishwa vivyo hivyo, kupitia Paris hadi Kinshasa. Usiku huo jaji aliamuru arejeshwe. Siku iliyofuata Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akiwa ameshauriwa kwamba jaji hakuwa na mamlaka ya kutoa amri hiyo, alifuta mipango ya kumrejesha.

Swali likawa ni hili: je, dola huitii mahakama kwa lazima au kwa hisani? Novemba 1991 Mahakama ya Rufani ilimtia Baker mwenyewe hatiani kwa kudharau mahakama. Tarehe 27 Julai 1993 Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba hatia ni ya waziri kwa cheo chake, si kwa nafsi yake, na kwamba amri ya zuio yaweza kutolewa dhidi ya waziri. Hakutozwa faini, kutamkwa kwa hatia kulihesabiwa kuwa kunatosha.

Kesi hizo mbili zafaa kusomwa pamoja. Huckle aliyepoteza kidogo alilipwa kingi. M alipata hukumu iliyobadili sheria, lakini ilitolewa zaidi ya miaka miwili baada ya kufikishwa Kinshasa. Kwa mwanasheria aliyezoea kifungu cha 258, swali la kwanza ni kiasi gani kimepotea. Historia hii yaongeza maswali mawili: ni nini kitakachomfanya mwenye nguvu asirudie, na ni nani atakayemzuia kabla hajatenda.