Nchiru: Kijiji cha wazee, kesi ya wasichana

Aprili 1956, wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru lenye makao yake Nchiru, huko Tigania, walipiga marufuku ukeketaji katika Meru nzima. Walikubaliana kwa kauli moja. Miaka sabini baadaye, kijiji hiki cha kando ya barabara ya Meru kwenda Maua bado kinatajwa kwa fahari kama makao ya baraza hilo. Walioadhibiwa kwa amri ile hawatajwi.

Masimulizi ya Wameru kuhusu asili yao huanzia Mbwaa, upande wa pwani, walikotoroka utumwa wa Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu. Kisha wakawa na baraza hilo la Njuri, lililoamua kesi za mashamba, mahari na damu. Serikali ya kikoloni ililipuuza mwanzoni. Katika miaka ya 1930, mkuu wa wilaya H. E. Lambert alilirudishia nguvu na kulitumia katika utawala wake.

Kwa hiyo amri ya 1956 ilitoka kwa wazee, lakini serikali ya kikoloni ilikuwa nyuma yao. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, wanaume wengi wako vizuizini, na machifu na ngati, yaani walinzi wa vijiji wa serikali, wanaogopwa kila kijiji. Wanawake hawakuwa na kiti katika Njuri.

Mwanahistoria Mmarekani Lynn Thomas aliwahoji wanawake wa Meru kuhusu kipindi hicho, na kwake ndiko tunakopata habari kamili zaidi. Wasichana walisikia amri wakaikaidi. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakeketana wenyewe bila mkeketaji wala sherehe. Watu wakawaita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kwa miaka mitatu, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Wengine walitozwa faini, wengine wakafanyishwa kazi ya lazima.

Walijiumiza vibaya, na ukeketaji hauna utetezi. Lakini siwezi kuwaita wakaidi wajinga. Waliamini kwamba bila tendo lile wangebaki watoto daima, na hakuna mzee aliyekaa nao kuwaeleza njia nyingine ya kuwa mwanamke. Walipewa amri, kisha samansi. Ni aibu kwamba tunaisifu busara ya Nchiru na kuliruka jambo hili.

Baada ya uhuru desturi ile haikuisha, na mwaka 2011 Bunge likatunga sheria kali dhidi yake. Nchiru yenyewe imegeuka mji wa wanafunzi, tangu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipate hati yake mwaka 2013.

Wasichana wa Ngaitana walio hai sasa ni nyanya wa miaka themanini na zaidi. Chuo kiko palepale Nchiru, kina wanafunzi wanaojua Kimeru na simu za kurekodi. Waende wakawasikilize mwaka huu.