Ulinganifu ni wa Namna Mbili

Sikukuu ya Diwali inapowadia, Oktoba au Novemba, ni desturi ya familia za Kihindu, za Kericho zikiwemo, kupamba sakafu ya mlangoni kwa rangoli. Jina hilo lina undugu na “rangi” yetu, neno tulilolipata kwa Waajemi na Wahindi.

Kwanza hupangwa nukta kwa safu. Kisha unga wa mchele au wa rangi hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada, ukachuruzika taratibu na kuziunganisha. Tazama ua la petali 8 zilizo sawa: lina mistari 8 ya kulikunja, na kila mmoja unaligawa nusu mbili zinazofunikana.

Hiyo ndiyo sifa tunayoiita ulinganifu, kutokana na kitenzi linga, kilichotuzalia pia lingana, linganisha na mlinganyo wa hesabu. Walimu wengi huueleza kwa kukunja karatasi tu. Hapo huachwa nusu ya habari. Svastika, alama ya heri ya Wahindu iliyokuwapo karne nyingi kabla ya Wanazi kuichukua, haikunjiki popote ikafunikana. Lakini izungushe robo duara, itarudi vilevile.

Basi tuseme ulinganifu wa kioo kwa kinachokunjika, na ulinganifu wa mzunguko kwa kinachozungushika. Ua la rangoli lina namna zote mbili. Svastika ina ya pili tu. Mwalimu wa Kericho au Bomet, wafundishe wanafunzi wako namna zote mbili.