Kwa nini sigara ni ngumu kuiacha, na namna ya kuiacha

Wavutaji wengi wa Nachingwea na Ruangwa wamewahi kusema "leo ndiyo mwisho", jioni wakarudi dukani kununua moja. Nyumbani huonekana hawana msimamo. Sababu kubwa ni nikotini.

Nikotini ni nini?

Ni kemikali iliyomo kwenye tumbaku. Ukivuta, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi na kuleta raha fupi. Ikipungua mwilini, ubongo huidai tena. Ndiyo maana wapo wanaovuta kabla ya chai ya asubuhi. Imo pia kwenye msokoto, ugoro na tumbaku ya kutafuna, kwa hiyo kuhamia kwenye ugoro si kuacha.

Ukiacha utajisikiaje?

Utakuwa na hasira, njaa na usingizi wa shida. Hali hiyo huwa kali siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu ikikujia, hudumu dakika chache tu.

Njia za kuacha

- Panga siku ya kuacha, isizidi wiki 2 kutoka leo. Usingoje msimu wa korosho: fedha ikiwa mkononi na vijiwe vikichangamka, kuacha ni kugumu zaidi.
- Mwambie mwenzi wako na wenzako wa kijiweni wasikupe sigara.
- Hamu ikija, kunywa maji, tembea au shika kazi kwa dakika 10.
- Kama pombe hukukumbusha sigara, kaa mbali nayo wiki za mwanzo.
- Zungumza na mhudumu wa zahanati. Ipo tiba ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi au kutafuna kama jojo. Ulizia hospitali ya wilaya. Mjamzito apate ushauri kwanza.

Ukiteleza ukavuta moja, usikate tamaa. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

Faida yake

Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua karibu nusu.

Uvutaji huongeza pia hatari ya kifua kikuu. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, usiseme ni kikohozi cha sigara tu. Nenda ukapimwe.