Dona ya mzee

Mwaka juzi daktari alimwambia baba kwamba sukari imepanda, apunguze ugali wa sembe na aachane na mkate mweupe. Mimi, kama kawaida yetu watoto tunaoishi mjini, nikajitwika uongozi wa vita. Kwanza nikabadili sahani yangu: maharage, magimbi, ndizi, matembele, dona. Miezi mitatu baadaye nikapanda basi Dar kwenda Tukuyu na kilo tano za dona kwenye begi. Kupeleka unga Rungwe! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Baba hakucheka. "Dona nimekula miaka yote ya bweni," alisema. "Jela ndiyo wanakula hiyo. Sikukusomesha ili uje unilishe dona tena."

Nilinyamaza, maana kihistoria mzee yuko sahihi. Kwa kizazi chake sembe haikuwa unga tu, ilikuwa cheti cha kutoka kwenye dhiki. Mashineni unalipa mara mbili, kukoboa halafu kusaga, na kinachobaki, pumba pamoja na kiini chenye mafuta na vitamini, anapewa nguruwe. Tulilipa hela ili nguruwe ale vizuri kuliko sisi. Mfanyabiashara naye ana sababu yake: yale mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uchache upesi, wakati sembe inavumilia ghalani.

Kinachonichekesha ni kwamba hoja nyingi za "kula vyakula halisi" tunazoletewa leo kutoka Ulaya zilipata nguvu hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946, miaka mingi akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kama maili 10,000, kutoka Uganda, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiulizia hospitali kwa hospitali kuhusu saratani ya taya za watoto ambayo leo ina jina lake. Baadaye akageukia swali jingine: kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza alikuwa akiyaona kwa nadra sana kwa wanakijiji wa Uganda? Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi, zile tunazozitupa pamoja na pumba. Mwaka 1975 yeye na Hugh Trowell, daktari aliyekaa Kenya na Uganda karibu miaka 30, walihariri kitabu kizima kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi.

Lakini Trowell huyohuyo anatuharibia hadithi tamu. Alitumia miaka mingi ya kazi yake kwenye kwashakoo, ugonjwa wa watoto walioshiba ndizi na viazi huku wakikosa protini. Kwa hiyo chakula kuwa halisi hakutoshi. Hata leo Nyanda za Juu Kusini, zinazolisha nchi, zina watoto wengi waliodumaa. Nililisoma hilo nikaona aibu kidogo kwa mahubiri yangu.

Wazee wa Unyakyusa, nadhani, walilijua bila maabara. Joseph Thomson, Mskoti kijana wa miaka 21, alipopita huku mwaka 1879 alistaajabia migomba na usafi wa vijiji. Ila ndizi haikuwa peke yake mezani. Kulikuwa na maharage na maziwa ya ng'ombe ambao wavulana waliwachunga. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa katikati ya miaka ya 1930, waliona wanaume wa rika moja wakijenga kijiji chao na kula pamoja. Neno lililowakaa ni *ukwangala*, kufurahia kukaa na wenzako, kula na kunywa nao. Monica alikiita kitabu chake cha 1951 kwa maana hiyohiyo.

Basi jioni ya tatu sikugusa dona. Mama alipika mbalaga, ndizi na maharage, sufuria kubwa, na wazee wawili majirani wakaitwa. Baba alikula taratibu, akasimulia habari za bweni, akaongeza kidogo. Nikajaribu kuchomekea kwamba hiki ndicho daktari alichokuwa anasema.

"Hiki siyo dawa," akanikata. "Hiki ni chakula. Kaa kimya ule."

Tangu hapo sembe imebaki ya Jumapili na ya wageni. Mkate mweupe bado anaununua kwa siri, mama ananiambia. Kuhusu zile kilo tano, nilimuuliza mama kwenye simu juzi. Kimya kidogo, halafu akasema zilianza kuchacha, akawapa vifaranga.