Kijiji, Kambi na Mji: Historia Fupi ya Utafiti wa Afya katika Lualaba

1. Utangulizi

Msomaji wa historia ya shaba hukutana mara kwa mara na tani, reli na makampuni. Mara chache hukutana na mwili wa mtu aliyepimwa. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya upimaji huo kati ya ncha mbili za mkoa wa Lualaba: Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Waruund, katika eneo la Kapanga, na Kolwezi, mji wa migodi. Hoja yetu ni kwamba, kwa muda wa karne moja, uhusiano wa kijiji na mji umegeuka juu chini machoni pa watafiti. Lakini lugha ya kumjibu aliyepimwa haijageuka ipasavyo.

2. Kijiji kama hatari

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka huohuo Rodhain na wenzake, miongoni mwao Bequaert, mtaalamu wa wadudu, walianza kazi ya Ujumbe wa Sayansi wa Katanga, ambayo iliendelea hadi 1912. Huko Bukama, kando ya mto Lualaba, walichunguza mbung'o, wanyama na damu ya watu. Kukutana kwa reli na darubini hakukuwa bila maana: ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi katika Kongo, na mgodi ulihitaji vibarua wazima.

Njia iliyotumika sana wakati ule ni kupapasa tezi za shingo, njia iliyotiliwa mkazo na Dutton na Todd, madaktari wa Liverpool waliofika Kongo mwaka 1903. Dutton mwenyewe alifia Kasongo mwaka 1905. Tezi iliyovimba iliweza kumzuia mtu asiendelee na safari, na dawa ya atoksili iliyotolewa iliweza kumpofusha. Kwa hiyo kijiji kilitazamwa kama ghala la vitu viwili: nguvukazi na ugonjwa. Hata hivyo si kila tiba ililenga mgodi. Huko Kapanga, Daktari Arthur Piper, mmisionari Mmethodisti, alitumia miaka mingi akiwatibu wagonjwa palepale walipoishi.

3. Kambi kama maabara

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Chini ya uongozi wa watu kama Daktari Mottoulle, posho ilipimwa, watoto wachanga wakapimwa uzito, na wajawazito wakafuatiliwa. Vifo vilipungua, na hilo ni jema lisilokanushika. Lakini mtoto alihesabiwa pia kama kibarua wa kesho.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi: kwacho watu waliitwa, walipangwa na kuamriwa. Ripoti ziliandikwa kwa Kifaransa. Mama alijua kwa Kiswahili saa ya kumleta mtoto kwenye mizani. Yale ambayo mizani hiyo ilithibitisha yalisomwa mahali pengine.

4. Mji kama hatari

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Leuven na wenzao walichapisha utafiti uliopima madini katika mkojo wa watu 351. Kati yao, 179 waliishi karibu sana na migodi au viwanda, chini ya kilomita 3. 132 waliishi kilomita 3 hadi 10. Na 40 waliishi umbali wa kilomita 400. Viwango vya kobalti karibu na migodi vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida.

Tuwatazame wale 40. Mwaka 1910 mtu wa mbali alichunguzwa asije akauletea mgodi ugonjwa. Mwaka 2009 mtu wa mbali ndiye kipimo cha usafi, na wa mjini ndiye anayetiliwa shaka. Utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014, ulichapishwa mwaka 2018. Ulionyesha kwamba tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto, ambao hata chembe zao za urithi zilikuwa na dalili za kudhurika.

5. Hitimisho

Matokeo hayo yalichapishwa kwa Kiingereza. Kuyarudisha Kasulo kwa Kiswahili, au kuyapeleka Musumba kwa Kiruund, si kazi ya kamusi peke yake. Tukisema "kobalti imezidi kiwango", mama hapati picha. Tukisema "mtoto ana sumu", atauliza mara moja: "Nani amempa?" Kwani katika Kiswahili sumu haiji yenyewe, kwa kawaida ina mkono ulioitia.

Wengine wataona kwamba swali hilo linatokana na kutoelewa sayansi. Sisi tunaona kwamba linaigusa sayansi mahali inapokoma: kipimo hutaja kiasi, bali neno la mama hudai mwenye dhima. Mfasiri wa afya asiliondoe swali hilo ili matini yake iwe safi. Alieleze neno kobalti, aeleze vumbi na chakula linamopitia, kisha aliache swali la mama lisimame mbele ya wanaopaswa kulijibu.